Ukiambiwa Moyo Upasuliwe Mara ya Pili

Maneno haya ni kwa ajili yako wewe uliyepasuliwa moyo miaka iliyopita ukawekewa valvu, na sasa umeambiwa kwamba kazi ile lazima ifanywe tena. Ni kwa ajili ya jamaa zako pia, kwa maana shauri hili hutalikata peke yako. Baba mdogo atakuwa na lake, mjomba atakuwa na lake, shangazi atalia, na mtu mmoja amekwisha kuuliza shamba litauzwa kwa falanga ngapi. Basi, kabla shamba halijauzwa, keti kitako tusemezane.

Kupasuliwa moyo mara ya pili si sawasawa na mara ya kwanza. Ni kazi nzito kuliko ile. Kwa sababu hiyo yafaa sana daktari mwingine, aliye mjuzi wa moyo, atazame mambo yako yote kabla hujalazwa mezani. Labda utasema, "Je, daktari wangu hatakasirika?" Hapana, daktari mwema hakasiriki. Katika hospitali kubwa zinazopasua moyo, neno hili halikatwi na mtu mmoja. Daktari wa moyo, daktari wa kupasua, na yule wa kulaza usingizi huketi pamoja na kutazama picha zako. Hata katika kanisa, mzee mmoja hakati shauri kubwa peke yake. Kama daktari akikukataza kabisa usiulize kwa mwingine, neno hilo lenyewe ni sababu ya kuuliza.

Kwa nini mara ya pili ni nzito

Mara ya kwanza daktari alipofungua kifua chako, alikuta moyo umelala huru ndani ya mfuko wake. Alipomaliza kazi aliufunga mfupa wa kifua kwa waya, na kidonda kikapona. Lakini kupona kwa ndani huleta makovu, na makovu hushikamanisha. Moyo, mfuko wake na mfupa vyaweza kugandamana kama ugali uliolala usiku kucha katika sufuria. Sasa daktari akirudi na msumeno wake wa kukata mfupa, moyo uko karibu sana, pengine umeshika mfupa wenyewe. Itampasa kwenda polepole, akitenganisha kidogo kidogo. Damu hutoka nyingi zaidi, na saa za kazi huongezeka. Wagonjwa wengi huvuka salama. Nimewaona wakirudi nyumbani na kulima. Lakini hatari ni kubwa kuliko mara ya kwanza, na ni haki yako kuijua.

Kwa ajili ya jambo hili daktari wa kupasua hutaka kwanza picha ya kifua kwa skaneri, apate kuona nafasi iliyobaki kati ya mfupa na moyo. Kama hakuna aliyekutajia picha hiyo, uliza.

Je, ni kweli valvu imeharibika?

Hili ndilo swali la kwanza la kumpelekea daktari wa pili, na watu wengi hulisahau. Wao huuliza bei, huuliza tarehe, hawaulizi kama ni lazima.

Kumbuka valvu ni nini. Moyo ni kama nyumba yenye vyumba vinne na milango minne. Mlango huruhusu damu iende mbele, kisha hujifunga isirudi nyuma. Katika siku moja moyo hupiga kama mara 100,000, na kila mara milango hiyo hufanya kazi. Kwetu watu wengi waliopasuliwa wangali vijana, milango yao iliharibiwa na ugonjwa wa rumatizimu ya moyo. Koo la mtoto liliuma, baadaye viungo vikavimba, na mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu ukaijeruhi milango yake wenyewe. Mlango uliokufa daktari aliuondoa, akaweka mwingine badala yake.

Mlango huo mpya ni wa namna mbili. Mmoja twauita wa chuma, ingawa siku hizi vibao vyake vinavyofunguka na kufunga ni vya kaboni ngumu. Huo wa chuma wadumu sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, warfarini au Sintrom, siku zote za maisha yake. Mwingine ni wa nyama, yaani umetengenezwa kwa mfuko wa moyo wa ng'ombe au kwa valvu ya nguruwe. (Wengine hushtuka wakisikia nguruwe. Haikupikwa, ilishonwa tu.) Huo wa nyama kwa kawaida hauhitaji dawa ile maisha yote, lakini huchakaa. Kwa mtu mzima hudumu kama miaka 10 hadi 15. Kwa kijana huchakaa upesi zaidi.

Sasa, mgonjwa arudi hospitalini akihema, miguu imevimba. Je, valvu ndiyo yenye kosa? Pengine ndiyo. Valvu ya nyama imekauka na kupasuka. Au damu imeganda juu ya ile ya chuma. Au vijidudu vimeingia na kuila. Au nyuzi zimeachia, damu ikapita pembeni. Tena yaweza kuwa mtoto aliwekewa valvu ndogo akiwa na miaka 10, naye sasa ni kijana mrefu wa miaka 20, mlango haumtoshi. Lakini yaweza kuwa valvu ni nzima kabisa. Upungufu wa damu humfanya mtu ahemehe. Mapigo ya moyo yaliyokwenda ovyo humfanya hivyo hivyo. Mlango mwingine, ule ambao haukuguswa mara ya kwanza, umeanza kuugua kwa sababu sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne ziliachwa. Na mtu mwenye homa, au mwenye damu kidogo, moyo wake husukuma kwa haraka. Basi ekografi ikipigwa siku hiyo huonyesha kana kwamba valvu imeziba, kumbe haikuziba.

Tena, valvu ya chuma ni ngumu kuitazama. Hutupa kivuli katika picha ya ekografi, na nyuma ya kivuli kile jicho halioni. Zaidi ya hayo, valvu nyingi za chuma zimetengenezwa ili zirudishe damu kidogo sana, ziwe zinajiosha. Mtu asiyezizoea aweza kuona damu hiyo na kuandika katika karatasi, "Valvu yavuja." Simlaumu, hakupata nafasi ya kuona nyingi. Lakini wewe usifunguliwe kifua kwa karatasi ya namna hiyo tu. Kuna ekografi inayopitishwa kooni, ambayo hutazama moyo kutoka nyuma na kuona yale ambayo ile ya kifuani haiyaoni. Haipendezi kuimeza, nakubali. Hata hivyo ni afadhali kuliko msumeno.

Neno jingine la maana sana: picha ya leo yapaswa kulinganishwa na picha ya zamani, hasa ile iliyopigwa muda mfupi baada ya kupasuliwa mara ya kwanza. Bila hiyo, daktari hajui kama jambo analoliona limeanza jana au lilikuwapo tangu mwanzo.

Karatasi zako

Wagonjwa wetu hutunza vyeti vya ubatizo kwa uangalifu mkubwa, lakini karatasi za hospitali hufungia karanga. Ndugu yangu, dada yangu, tafadhali! Karatasi ya maana kuliko zote ni ile taarifa ya upasuaji wa kwanza, ambayo daktari aliandika alichokikuta na alichokifanya. Ya pili ni ile kadi ndogo ya valvu, yenye jina la valvu, kipimo chake na namba yake. Daktari akijua namna na kipimo, ajua ni njia gani ziko wazi na zipi zimefungwa. Kama umepoteza, andika barua, au mwombe munganga wako aandike, kwa hospitali ile iliyokupasua. Hospitali nyingi hutunza vitabu vyao.

Kisha uweke pamoja ekografi zote, si maneno yaliyochapwa tu, bali na picha zenyewe zinazotembea. Siku hizi hospitali yaweza kuzitia katika kisanduku kidogo cha kompyuta au kuzituma kwa simu. Andika pia dawa zote unazokunywa, na vipimo vyako vya INR tangu mwaka jana, hata vile vibaya. Usifiche vile vibaya.

Nani wa kuuliza? Kwanza, wale waliokupasua mara ya kwanza, kama bado wako. Wao wanaijua njia waliyopita. Kisha daktari wa moyo asiye wa hospitali ile inayotaka kukupasua. Katika nchi yetu mahali pa kupasua moyo ni pachache mno, nasi tunaoishi upande wa mashariki mara nyingi tunatazama ng'ambo ya mpaka. Kuna Uganda Heart Institute huko Kampala, kuna hospitali ya King Faisal huko Kigali, kuna taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, na hospitali ya misioni ya Tenwek katika Kenya. Sikuambii ipi ni bora. Nakuambia kwamba si lazima kupanda basi au mashua ili kuuliza tu. Picha zako zaweza kusafiri kwanza, na wewe ubaki nyumbani ukingojea jibu. Mwombe daktari wako azitume pamoja na barua yake, kwa maana daktari humjibu daktari mwenzake upesi kuliko amjibuvyo mgonjwa.

Mambo ya kumwuliza huyo wa pili

Usimwulize tu, "Nipasuliwe au nisipasuliwe?" Muulize kuna njia gani zote. Maana siku hizi kupasua si njia moja peke yake.

Damu iliyoganda juu ya valvu ya chuma, mara nyingine yaweza kuyeyushwa kwa dawa yenye nguvu inayotiwa mshipani. Nayo ina hatari yake. Mahali padogo panapovuja pembeni mwa valvu, mara nyingine pazibwa kwa kizibo kinachopitishwa katika mshipa. Na mwaka 2002, huko Rouen katika Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka valvu katika moyo wa mtu kwa mara ya kwanza bila kufungua kifua, kwa kuipitisha imekunjwa ndani ya mshipa wa paja. Tangu hapo madaktari wamejifunza kuweka valvu mpya ya namna hiyo ndani ya ile ya nyama iliyochakaa, kama mtu atiavyo kikombe ndani ya kikombe. Lakini sikia vizuri: haiwezekani ndani ya valvu ya chuma. Haiwezekani pia kama ile ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Tena ni ya bei kubwa, nayo haipatikani kila mahali. Ndiyo maana nilisema tunza kadi ile.

Muulize pia kama yafaa kungoja. Kuna valvu iliyoanza kuchakaa ambayo yaweza kuangaliwa kila miezi sita kwa dawa na ekografi. Na kuna kungoja kunakoua, kwa sababu moyo huchoka, mapafu hujaa, ini na figo huharibika, na mgonjwa afikapo mezani hana nguvu ya kuvuka. Wengi wetu Wakongo hukosa kwa upande huu wa pili. Twakusanya fedha miaka mitatu. Basi muulize neno hili wazi: "Je, nina miaka, miezi, au majuma?"

Kama valvu iliziba kwa sababu ya damu kuganda, uliza kwa nini iliganda. Je, warfarini ilikosekana katika duka la dawa? Je, INR haikupimwa tangu mwaka jana? Kwa mlango wa chuma upande wa aorta INR mara nyingi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Kwa ule wa mitrali kati ya 2.5 na 3.5, daktari wako atakupa kipimo chako mwenyewe. Kama mjini kwenu hakuna mahali pa kupima, valvu nyingine ya chuma itaganda vilevile. Mwambie daktari ukweli wa mahali unapokaa. Yeye yuko mji mkubwa, hajui kwamba kutoka kwenu hadi laboratwari ni siku mbili kwa piki-piki. Na usikubali mtu akubadilishie warfarini kwa dawa mpya zisizohitaji kupimwa. Ni nzuri kwa magonjwa mengine, lakini kwa valvu ya chuma hazifai. Mwaka 2012 ilionekana wazi kwa dawa mojawapo, dabigatrani, na jaribio lile likasimamishwa. Sombe na lengalenga usiziache. Kula kama ulivyozoea, kipimo kile kile kila juma, ili dawa isiyumbe.

Neno kwa dada zetu na mama zetu walio vijana. Kabla hujachaguliwa valvu mpya, sema kama unataka kuzaa. Usione haya mbele ya daktari mwanamume. Hata mume wako awepo. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na mama mwenye mimba na valvu ya chuma yuko katika hatari kubwa. Kwa sababu hiyo wengine huchagua ile ya nyama, wakijua kwamba siku moja kifua kitafunguliwa tena. Ni uchaguzi mgumu. Mkwe wako asikuchagulie, wala mimi.

Mwisho wa maswali, mtazame usoni daktari wa kupasua umwulize, "Wewe mwenyewe umewapasua wangapi mara ya pili, nao wako wapi sasa?" Ni swali la adabu. Aliyefanya nyingi atakujibu bila hasira.

Wakisema maneno mawili mbalimbali

Itatokea. Mmoja atasema upasuliwe mwezi huu, mwingine atasema ngoja. Usichague lile linalokupendeza kisha ukalitangaza kuwa ni mapenzi ya Mungu. Uangalie kwanza wanahitilafiana katika neno gani. Mara nyingi wote wawili wakubali kwamba valvu imeharibika. Wahitilafiana juu ya wakati tu. Waombe wasemezane wao kwa wao. Ikiwa bado hawapatani, wa tatu aweza kuulizwa. Lakini baada ya wa tatu usizunguke tena. Mgonjwa anayezunguka kutoka hospitali hata hospitali kumtafuta yule atakayemwambia hana ugonjwa, mwishowe atampata, naye hatakuwa daktari.

Hapa nasema na wenzangu wa kanisa. Mimi mwenyewe naomba pamoja na wagonjwa kila asubuhi, na baada ya kuomba nahesabu vidonge vyao. Mtu akikuwekea mikono na kusema tupa warfarini kwa kuwa umepona, usimsikilize, hata kama ana sauti kubwa na gari. Mwenye valvu ya chuma akiacha dawa hiyo, damu yaweza kuganda, ikaziba mlango au ikapanda kichwani.

Tena kuna siku ambayo haifai kuuliza wa pili. Wewe mwenye valvu ya chuma wajua sauti yake, tik-tik, ambayo mke wako huisikia usiku. Sauti hiyo ikififia au ikipotea, na wewe unahema, nenda hospitalini siku ile ile, usingoje kesho. Vivyo hivyo kama mdomo umekwenda upande, au mkono umekufa ghafula, au usemi umekwama. Na homa isiyoisha kwa mtu mwenye valvu, usiiite malaria tu. Mwambie munganga, "Mimi nina valvu," ili achukue damu ya kuotesha vijidudu kabla hajakupa antibiotiki. Ukimeza vidonge vya dukani kwanza, vijidudu vile hujificha, na hata daktari mjuzi hatavipata.

Ikiwa shauri limekatwa kwamba upasuliwe, yapo mambo ya kufanya nyumbani kabla ya safari. Nenda kwa daktari wa meno, umwambie kwanza una valvu, akupe antibiotiki kabla ya kung'oa. Jino bovu hupeleka vijidudu katika damu, navyo huenda moja kwa moja kwenye valvu mpya. Dawa ya damu usiiache kwa akili yako mwenyewe. Daktari atakuambia siku ya kuiacha na atakupa sindano ya badala yake ikihitajika. Na uwaulize hospitali wanataka chupa ngapi za damu, kwa kuwa mara ya pili hutumia nyingi. Ndugu zako watakaotoa damu wapimwe mapema, wale chakula, na wawe tayari kusafiri pamoja nawe.